Sura ya Sita: Mwandishi Yuko Hewani

Tumweke msomaji wetu Bashay, katika nchi ya Wairaqw, Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Nimemweka huko makusudi. Mazungumzo ya vitabu vya Kiswahili yamezoea kumfikiria msomaji wa Dar es Salaam, anayeweza kuteremka Mtaa wa Samora, akaingia duka la vitabu la TPH, akafungua kitabu, akanunua au akakirudisha kwenye rafu. Msomaji wa Bashay hana rafu hiyo. Ana shamba la vitunguu saumu, ana simu, ana bando la wiki, na ndani ya simu ana makundi mawili asiyoyanyamazisha: la bei ya vitunguu, linaloamka alfajiri, na la hadithi, linaloamka saa tatu usiku mwandishi anapotuma sehemu mpya.

Sehemu ikishatua, majibu huanza kumiminika wengine hawajafika hata katikati. "Kaka, huyu dada usimuue, tunakuomba." "Mbona fupi leo?" "Mimi ya kumi na mbili sikuipata, nani anirushie?" Mwandishi naye yumo humo humo. Anajibu, anatania, anaapa kwamba ya kesho itakuwa ndefu, kisha anakumbusha kwamba msimu huu ni shilingi elfu mbili na kwamba kuna watu wanasoma bure na anawajua. Aliyekuwa jina kwenye jalada sasa anasalimiwa, anabembelezwa, anadaiwa na anadai.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Mitandao ya kijamii imemkutanisha mwandishi wa Kiswahili na msomaji wake kwa namna ambayo hakuna mchapishaji aliyewahi kuiweza. Lakini katika kukutana huko kuna mtu mmoja aliyeachwa nje ya mlango, na wote wawili wanamhitaji kuliko wanavyokiri. Mtu huyo ni mhariri.

Namba ya simu chini ya hadithi

Anayedhani wasomaji wa Kiswahili walikuwa bubu mpaka Facebook ilipofika hajaipitia Mambo Leo. Gazeti hilo la serikali ya kikoloni ya Tanganyika lilianza mwaka 1923, likawa linatoka kila mwezi, na kurasa zake za mashairi zilikuwa uwanja wa mapambano. Mtu wa Tanga anatunga, wa Tabora anamjibu kwa vina vile vile, wa Unguja anaingia kati kusuluhisha au kuchochea. Shaaban Robert alijulikana kwa wasomaji wa gazeti hilo kabla hajawa na kitabu. Barua zilisafiri kwa treni na lori, malumbano yakachukua miezi, lakini vitu vyote tunavyovilalamikia leo vilikuwepo: mashabiki, wapinzani, lakabu za kujificha, na wale wasioishiwa neno la mwisho. Tofauti ni kwamba kila shairi lilipita mezani kwa mhariri. Yeye ndiye aliyeamua nani atasikika na nani atabaki na utungo wake nyumbani.

Kwa vitabu meza hiyo ilikuwa ng'ambo. Kusadikika ilichapishwa na Nelson, kampuni ya Uingereza, mwaka 1951. Pambo la Lugha ilitoka Johannesburg, kwenye kiwanda cha vitabu cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, zilikuja kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 2002, nazo zinamwonyesha mtu ambaye maisha yake ya uandishi yalipitia posta. Msomaji alimjua kwa jina tu. Mchapishaji wa ng'ambo hakumjua msomaji hata kwa jina.

Baada ya uhuru meza ilisogezwa nyumbani. Tanzania Publishing House (TPH) iliundwa mwaka 1966. Walter Bgoya aliiongoza kuanzia 1972, na mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota. Ben Mtobwa, yule wa Dar es Salaam Usiku, alikwenda mbali zaidi: alianzisha Heko Publishers akawa mchapishaji wake mwenyewe. Wakati huo jambo hilo lilihitaji mtaji, mashine za watu na roho ngumu. Leo kijana mwenye simu ya laki moja na nusu hufanya nusu ya kazi ile akiwa amelala kitandani, na ndiyo maana tunapata mengi mazuri na takataka nyingi kwa wakati mmoja.

Lakini kama nikitakiwa kutaja mahali hasa ambapo uhusiano wa leo ulianzia, siendi Facebook. Nakwenda kwenye magazeti pendwa ya miaka ya 1990 na 2000, yale ya Global Publishers na wenzao, ambayo Eric Shigongo aliyatumia kuendesha riwaya zake kipande kwa kipande. Watu walinunua gazeti kwa ajili ya hadithi, habari zikawa nyongeza. Walikata kurasa, wakazibandika kwenye daftari, wakaazimana. Vijijini gazeti la Jumanne lilifika Ijumaa, wakati mwingine likiwa limefungia maandazi, na ukikuta sehemu ya tano imelowa mafuta ulimtafuta aliyenunua maandazi mengine. Chini ya hadithi, mwandishi aliweka namba yake ya simu.

Namba ile ndiyo iliyovunja ukuta. Kabla yake, barua kwa mwandishi ilipitia sanduku la posta la gazeti. Baada yake, mtu aliyekerwa na kifo cha mhusika alituma ujumbe mfupi usiku ule ule, tena bila salamu. Waandishi wa zama zile wakagundua jambo ambalo wachapishaji wa vitabu hawakuligundua mpaka leo: wasomaji wao wengi walikuwa mikoani, na walikuwa tayari kutumia vocha ili kusema neno juu ya hadithi.

Blogu za Kiswahili zilishika kasi katikati ya miaka ya 2000, Ndesanjo Macha akiwa miongoni mwa waliofungua njia. Fadhy Mtanga, ambaye wengi wanamjua kwa riwaya kama Kizungumkuti na Huba, ni mtu wa kizazi hicho cha blogu. Kisha mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama zake kwa jumla zikazidi shilingi milioni 2. Kwa mtu anayeandika hadithi za mapenzi baada ya kazi, huo ulikuwa mwisho wa mjadala. Blogu nyingi zilifungwa na wenyewe. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini wasomaji walikuwa wameshahama. Walihamia mahali ambapo kampuni za simu zinauza bando la bei nafuu na ambapo hakuna anayeomba leseni ili kuzungumza na watu wake: kundi la WhatsApp.

Hesabu za kundi

Kundi la hadithi lina taratibu zake, na aliyepitia moja amepitia mengi. Sehemu tano au kumi za mwanzo hurushwa bure kila mahali, Facebook na kwenye makundi ya watu wengine. Zinakatika pale ambapo mlango umefunguliwa na bunduki imeonekana. Hapo chini panakuwa na namba ya M-Pesa au Airtel Money, jina litakalotokea ili usiogope kutapeliwa, na maelekezo: lipia, piga picha ujumbe wa muamala, nitumie, nikuingize kundini. Mwandishi mwangalifu ana daftari. Upande mmoja namba ya simu, upande wa pili kiasi, pembeni alama ya aliyeahidi "nikiuza nalipa."

Pesa zenyewe tuzipigie hesabu. Tuchukulie watu 200 wamelipa shilingi 2,000 kila mmoja; mwandishi ana shilingi 400,000 mkononi kabla hadithi haijaisha. Sasa tuchukulie hadithi hiyo hiyo imekuwa kitabu cha shilingi 15,000, na mwandishi ana mrabaha wa asilimia 10. Kila nakala inampa shilingi 1,500. Ili afikishe zile laki nne, lazima zinunuliwe nakala 267, kisha asubiri hesabu za mwisho wa mwaka, kisha asubiri hesabu zenyewe zilipwe. Sishangai vijana wanaponiuliza mchapishaji ni wa nini.

Kundi lenyewe limepimwa na mwenye mtambo. Kuanzia 2016 WhatsApp iliruhusu watu 256 kwa kundi. Mwaka 2022 ikapanda hadi 512, na mwaka huo huo ikafika 1,024. Waandishi walioanza zamani wanakumbuka kuendesha "kundi la pili" na "kundi la tatu," wakibandika sehemu ile ile mara tatu usiku na kukosea kundi gani limeshasoma. Alama mbili za bluu, zilizoletwa mwaka 2014, nazo zimebadilisha tabia. Zamani mwandishi hakujua kama umesoma. Sasa anajua, na wewe unajua kwamba anajua. Kimya chako ni jibu.

Na wezi? Mwizi wa kundi hana haja ya mashine ya kuchapa. Analipa elfu mbili kama mwungwana, anakusanya sehemu zote, anaziunganisha kuwa PDF moja, anafuta jina, na kufikia Jumapili hadithi iko Telegram ikiuzwa shilingi mia tano. Mwaka 2019 WhatsApp ilizuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa wakati mmoja, sababu ikiwa uzushi, na kwa bahati tu wizi ukapunguzwa mwendo kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na ofisi ya kuisimamia, COSOTA, ipo. Lakini mwandishi wa kundi mara nyingi hana andiko lililosajiliwa wala ISBN, ambayo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na ushahidi wake mkuu ni picha za skrini. Anachobaki nacho ni aibu: anamtaja mwizi hadharani, wasomaji wanamshambulia, mwizi anabadilisha namba.

Hapa ndipo uhusiano unapokuwa mgumu kuliko inavyoonekana kwa nje. Msomaji amekuwa mfadhili, na mfadhili hana subira. Mwandishi akiugua malaria wiki moja, kundi linamtuhumu kwa utapeli. Akifiwa, watu wanampa pole, wanachanga hata rambirambi, na siku ya nne mmoja anauliza kwa adabu kama sehemu ya thelathini itatoka leo. Waandishi wanawake wana mzigo wa ziada: msomaji wa kiume aliyelipa shilingi elfu mbili hudhani amelipia na haki ya kupiga simu saa sita usiku. Nimewasikia wakisimulia hilo kwa kucheka, kicheko ambacho si cha furaha.

Pamoja na hayo yote, msomaji wa Bashay amefaidika na sioni wa kunibishia. Kitabu kilichochapishwa kinamfikia hivi: analipa kwa simu, mwandishi au muuzaji anakipeleka Stendi ya Magufuli, Mbezi, kinapewa kondakta, kinashuka Babati, kinapandishwa gari jingine kuelekea Mbulu, na nauli ya kifurushi inakaribia theluthi ya bei ya kitabu. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imefupisha safari hiyo. Lakini sehemu mpya ya hadithi inafika Bashay dakika ile ile inayofika Sinza. Kwa mara ya kwanza, mtu wa kijijini hasomi kilichobaki mjini.

Nani anakata kurasa?

Sasa tumzungumzie aliyeachwa nje.

Ukisoma hadithi za makundi kwa wingi, unaanza kuona mambo yale yale. Polisi aliyeuawa sehemu ya tisa anapiga simu sehemu ya ishirini na tatu. Msichana aliyetambulishwa kama yatima anapigiwa na baba yake. Mtu anaondoka Mbulu asubuhi anafika Dar es Salaam anapata chakula cha mchana, bila ndege. Wasomaji hulikamata kosa la namna hiyo haraka, na wanafurahi kulikamata. Mwandishi akiihamishia Hospitali ya Haydom Katesh, msomaji wa Bashay atamrekebisha usiku ule ule kwamba Haydom iko Mbulu, na ataongeza kwamba shangazi yake alijifungulia pale. Kwa ukweli wa aina hii kundi ni kali kuliko mhariri yeyote wa Dar es Salaam.

Ila kundi halikati. Sijawahi kuona kundi likimwambia mwandishi kwamba sehemu za kumi na tano hadi ishirini na mbili hazina kazi, azitupe. Kundi linataka zaidi. Kila sehemu inaleta maoni, maoni yanaleta watu, watu wanaleta pesa, na hadithi iliyostahili sehemu ishirini inavutwa hadi themanini. Mhusika anayependwa hafi. Akifa anafufuka, akiwa na pacha. Kila kipande kinaishia kwenye mlango unaogongwa. Riwaya ya kurasa inaweza kumwacha msomaji atembee polepole, achoke kidogo, kisha apigwe na jambo asilolitarajia. Riwaya ya kila usiku haithubutu, kwa sababu msomaji akichoka leo, kesho halipi.

Mhariri mzuri ndiye mtu pekee katika biashara hii anayelipwa ili akuambie usichotaka kusikia. Mitandao haina nafasi ya mtu huyo, maana kila anayezungumza na mwandishi humo ni shabiki au adui. Kuna waliolitambua pengo hili. Umoja wa waandishi wa riwaya unaojulikana kama UWARIDI, wenye watu kama Hussein Tuwa, mwandishi wa Mkimbizi na Mfadhili, umewaweka waandishi pamoja badala ya kila mmoja kubaki na mashabiki wake. Mwandishi kusomwa na mwandishi mwenzake ni nusu ya tiba. Nusu nyingine ni mtu mwenye kalamu nyekundu asiye na urafiki na wewe.

Na wachapishaji? Tuwaonee huruma kidogo, si sana. Katikati ya miaka ya 2010 serikali ya Tanzania iliirudishia Taasisi ya Elimu kazi ya kutoa vitabu vya kiada, na kampuni binafsi zikapoteza mapato yaliyokuwa yakibeba hasara ya riwaya na mashairi. Tangu hapo, mchapishaji anayeletewa muswada anajikuta akiuliza swali ambalo Nelson hawakumwuliza Shaaban Robert: una wafuasi wangapi? Si swali la kipuuzi. Marekani mwaka 2013 Anna Todd alianza kuandika After kwenye simu, sura kwa sura, katika mtandao wa Wattpad, na mwaka uliofuata kampuni kubwa ya New York ikaichapa. Mchapishaji alikuja baada ya wasomaji. Ndivyo mambo yanavyoelekea na kwetu, ila huko mchapishaji alikuja na wahariri, mkataba na pesa za kutangulizwa. Huku mara nyingi anakuja na mkataba peke yake.

Kilichobaki kuwa mlango wa haki, kwa maoni yangu, ni tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa ni Safal-Cornell, ilianza kutolewa mwaka 2015 na kupokea miswada isiyochapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, ilitoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023. Waamuzi wanasoma kilichoandikwa, hawahesabu wafuasi. Mtu asiye na kundi hata moja anaweza kushinda. Na akishinda, mitandao inafanya ile kazi inayoijua zaidi, ya kupiga ngoma.

Ngoma hiyo ina nguvu. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel, Watanzania mtandaoni walianza na ugomvi wa uraia: ni wetu au si wetu? Chini ya ugomvi huo lilikuwepo swali lenye aibu zaidi, kwamba wengi hawakuwahi kuviona vitabu vyake madukani, sembuse kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise. Riwaya yenyewe ilikuwa imetoka Uingereza mwaka 1994. Sisemi kelele za mtandaoni ndizo zilizotafsiri kitabu. Kutafsiri ni kazi ya mtu kukaa na maneno. Lakini wachapishaji waliona wasomaji wakiuliza hadharani, kwa maelfu, na hilo halikuwahi kutokea katika maisha ya riwaya ya Kiswahili.

Lugha isiyo na duka

Turudi kwa Wairaqw wenyewe, maana msomaji wetu wa Bashay anasoma Kiswahili lakini haoti ndoto kwa Kiswahili.

Wairaqw wana slufay, sala ya kishairi ambayo mzee fasaha huisema watu wakiwa wamekusanyika, na waliokaa huitikia. Bila itikio haiendi. Uhusiano wa mtunzi na hadhira, kwa hiyo, si kitu kilicholetwa Mbulu na simu. Vitabu ndivyo vilivyokuja na ukimya. W. D. Kamera alizikusanya Hadithi za Wairaqw wa Tanzania zikachapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1978, kwa Kiswahili. Sarufi kubwa ya Kiiraqw, ya Maarten Mous, ilitoka Hamburg mwaka 1993. Kamusi ya Kiiraqw kwa Kiingereza, ya Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, ilitoka Köln mwaka 2002. Hizi ni kazi za heshima. Lakini mwenye lugha akitaka kuzinunua, azinunue kwa yuro, na aziagize Ujerumani.

Hapo ndipo mtandao unapoweza kufanya jambo ambalo hakuna kampuni ya vitabu italifanya, kwa sababu soko la kitabu cha Kiiraqw halilipi karatasi. Mwaka 2016 kundi la waandishi wa Jalada, lenye mizizi Nairobi lakini linalofanya kazi zake kwa intaneti, lilichukua hadithi moja fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikuyu, likaitoa mtandaoni katika lugha zaidi ya 30 kwa mpigo, Kiswahili kikiwemo, na idadi ikaendelea kupanda. Hakuna aliyelipia gati la meli wala nauli ya lori. Walichohitaji ni mtafsiri mmoja kwa kila lugha na mhariri mkali wa kuwaunganisha. Narudia: mhariri.

Kijana wa Bashay anayeandika Kiiraqw kwenye simu ana matatizo yake. Kuna sauti inayoandikwa kwa alama ya mkwaju, na simu haioni kwa nini mkwaju ukae mwanzoni mwa neno, hivyo inalirekebisha kila mara. Ukubwa wa tatizo ni huo. Herufi ipo kwenye kibodi. Watu wa kumwitikia wapo, Mbulu, Hanang, Karatu, Babati, na waliohamia mijini. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na maandishi hayo, kukubaliana tahajia, kupanga, kukata, na kuyatoa katika sura ambayo mwalimu anaweza kuipeleka darasani au mzee akaisomewa.

Kuna jambo la mwisho ambalo mwandishi wa kundi hapendi kulifikiria. Uhusiano wake wote na wasomaji umewekwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Siku hizo hapakuwa na sehemu mpya saa tatu usiku, hapakuwa na bei ya vitunguu alfajiri, na mwandishi ambaye namba za wasomaji wake zilikuwa ndani ya kundi tu hakuwa na njia ya kuwaambia lolote. Mwenye daftari angalau alibaki na majina. Kitabu kilichokwisha kushuka Babati hakikuhitaji mtandao ili kifunguliwe.

Kwa hiyo wachapishaji, nawaomba jambo moja la bei ndogo. Ingieni kwenye makundi haya, mkae kimya, msome. Mkiikuta hadithi inayostahili, msimwendee mwandishi na swali la wafuasi; mpelekeeni mhariri kwanza, mkataba baadaye, na nyuma ya kitabu wekeni namba ya simu inayopokelewa, ili mtu wa Bashay aweze kuagiza bila kumjua mtu mjini. Waandishi, wekeni daftari la wasomaji nje ya simu, na mkimaliza sehemu ya mwisho, msiirushe hadithi kiwandani kabla ya kuikata. Na wewe unayesoma sura hii, huenda kwa nakala uliyotumiwa bure: hadithi ya mtu ikikufikia kwa PDF isiyo na jina, usiisambaze. Mwulize aliyekutumia namba ya mwandishi, kisha mtumie mwandishi elfu mbili yake.